Barua Isiyokuwa na Uongo

Aisha alinipigia simu Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua duka, akaniambia anarudi kwao Masaka, Uganda, anarudi kabisa, na boksi zake anataka nimpimie mimi. Hakuuliza kama nina nafasi. Alisema tu Ijumaa baada ya swala, halafu akacheka kile kicheko chake ambacho miaka kumi na minne haijakipunguza. Nikamwambia karibu. Simu ilipokatika nilibaki nimeshika kufuli mkononi mpaka mwenye duka la jirani akaniuliza kama nimepoteza ufunguo. Jioni hiyo nilitoa daftari zangu chini ya kitanda. Nina daftari kumi na tisa. Mimi si mtu wa shule, niliishia kidato cha pili, na sijui kama ninachoandika kinafaa kusomwa na mtu mwingine, lakini tangu nifike Dubai nimeandika karibu kila siku, kwa kuogopa kwamba nisipoandika nitakuja kujidanganya. Nilitafuta daftari la mwaka ule wa Aisha. Nililikuta limeandikwa vizuri, mwandiko umenyooka, na kila ukurasa una jina lake.

Mwaka ule tulikuwa tunaishi Al Baraha, ghorofa ya tatu, chumba kimoja cha vitanda sita vya kupandana viwili viwili. Kila mtu alikuwa na pazia lake, na nyuma ya pazia ndiyo ilikuwa nyumba yako. Mimi nilikuwa kitanda cha chini karibu na dirisha, kitanda cha heshima, kwa sababu nilikuwa nimekaa pale muda mrefu kuliko wote. Aisha alipokuja alipewa cha juu yangu. Nilimtafutia kitanda hicho mimi mwenyewe, na kazi pia nilimtafutia mimi, lazima hilo liandikwe, kwa sababu kuna siku nilikuwa nalirudia moyoni kama mtu anayehesabu shanga. Tulifanya kazi kwenye duka la kusafirisha mizigo Deira, lile lile ninalosimamia leo. Watu wetu wanaofanya kazi za nyumba, za ulinzi na za hoteli huleta boksi, tunazipima, tunazifunga kwa selotepu, tunaandika uzito kwa kalamu ya wino mzito pande zote nne, zinaondoka kwenda Mombasa, Kampala, Dar, na mara chache Manila. Mwenye duka tulimwita Sir. Alikaa nyuma ya kioo na chai yake, na hakuongea isipokuwa kuna jambo.

Mizani yetu ni ile ya chini, ya sahani ya chuma, na kila asubuhi lazima uijaribu kwa kitu ambacho uzito wake unaujua. Zamani tulitumia jiwe. Halafu kuna boksi moja mwenyewe hakurudi kuilipia, ikakaa miezi, Sir akaturuhusu tugawane. Mimi nilichukua blanketi. Aisha alichukua kamusi ya Kiingereza, nene kama tofali, ambayo hakuna aliyeitaka. Kamusi ile ilikuwa kilo tatu na gramu mia mbili kamili, na kuanzia hapo ndiyo ikawa jiwe letu. Kila asubuhi Aisha aliiweka juu ya mizani, nami nikasoma namba. Kabla ya kuirudisha chini ya kaunta alikuwa anaifungua popote, anachagua neno moja, analibeba siku nzima. Maneno mengi yalikuwa ya vitu ambavyo hatukuviona Deira, vyombo vya meli, majani ya milimani. Lakini asubuhi moja, daftari linasema Jumanne ingawa mimi nakumbuka Jumatano, alikutana na kitenzi kimoja akakaa nacho muda mrefu mpaka nikamwambia wateja wapo mlangoni.

"Vilipend," alisema. "Dada, sikia hii. Wanasema ni ya zamani, watu hawaitumii sana. Ni kumfanya mtu kuwa kitu cha bure. Imetoka Kilatini, maneno mawili. Moja ni rahisi, kitu cha bei ya chini. Ya pili ni kupima kwa mizani."

Nikamuuliza kwa hivyo ni nini, ni kudharau? Akatikisa kichwa. Alisema kudharau unaweza ukiwa umelala kitandani. Hii inataka mizani. Lazima umchukue mtu, umweke juu, umwangalie, halafu useme ni mwepesi. Akaanza kucheka. Akasema basi sisi ndiyo watu wa kazi hiyo, nyabo, yaani mama kwa Kiganda chake, mizani iko hapa. Nami nikamjibu kwa ukali ambao haukuhitajika kwamba kwenye mizani yangu kila kitu kinapata uzito wake, hakuna kinachoongezwa, hakuna kinachopunguzwa. Niliandika jibu hilo kwenye daftari, nikiliona ni jibu zuri.

Sasa lazima nieleze jambo la goti, kwa sababu bila hilo mtu hatanielewa. Boksi kubwa huzidi sahani ya mizani, pembe zake zinaning'inia nje. Anayepima akisimama karibu na kukunja mguu kidogo, goti lake linaingia chini ya pembe na kuinua, na mizani inasoma kilo moja pungufu, hata mbili. Kila mtu wa kaunta Deira anaijua kazi hiyo. Mimi sikuwahi kuifanya, hata kwa mteja niliyempenda. Aisha alikuwa anaifanya kwa wasichana wa kazi za nyumba, wale wanaokuja wamevaa sare, wana nusu saa tu kabla madam hajapiga simu. Alipiga gumzo huku goti liko kazini, uso wake umetulia kama wa mtu anayesali. Nilimwambia mara mbili kwamba huko ni kumwibia Sir. Mara ya kwanza aliniambia ni goti lake. Mara ya pili aliniambia, kwa upole, kwamba boksi ya yule msichana ilikuwa ya mtoto anayeanza shule. Mimi nikasema hata boksi zingine zina watoto ndani. Bado naamini nilikuwa na haki katika hilo. Nataka tu kusema kwamba sikuwa nalilia fedha za Sir. Nilichokuwa nalilia ni kwamba wateja walikuwa wanaingia, wananiona niko huru, halafu wanasema wanamsubiri Aisha.

Chumbani ilikuwa hivyo hivyo. Nikipika ugali na sukuma wiki, watu walikula, walisema asante Rahel, waliosha sahani zao. Aisha akipika matoke na mchuzi wa karanga, watu walikaa chini sakafuni, wakaleta na waliokuwa vyumba vingine, na sufuria ilifutwa kwa vidole. Nilijaribu siku moja kupika matoke mimi. Yalikuwa mazuri, nasema kwa haki, hayakuungua na chumvi ilikaa sawa. Watu walikula, wakasema asante Rahel. Jioni moja nilikuwa nyuma ya pazia langu nimelala kichwa kinaniuma, wakadhani sijarudi. Mmoja alisema ana boksi ya kupeleka, anataka kujua zamu ya kesho ni ya nani. Mwingine akamjibu, "Omba Mungu isiwe ya Madam Kilo." Wakacheka wote. Nikasubiri nisikie Aisha atasema nini. Aisha alisema mwacheni dada yangu, bila yeye nyinyi wote mngetuma mawe. Yalikuwa maneno ya kunitetea. Nikayageuza usiku wote nikitafuta tusi ndani yake, na kwa kuwa sikulipata, nikamchukia zaidi.

Mwanamke mmoja tu aliniambia usoni. Bibi Zuwena alikuwa ghorofa ya chini, mzee wa Kiunguja ambaye familia yake imekaa Dubai tangu kabla majengo haya hayajajengwa, na Ijumaa alikuwa anatuita mimi na Aisha tule kwake wali na mchuzi wa samaki, kwa sababu alisema Waswahili wa bara tunakula kama tunafukuzwa. Siku hiyo Aisha alikuwa jikoni kwake anaosha vyombo na kuimba kidogo kidogo. Bibi Zuwena alinitazama nikimtazama. Akaniambia, "Mwanangu, mwenzio humpendi, na humchukii. Unamhusudu. Hilo ni gumu zaidi, maana halina siku ya mapumziko." Nilikana. Nikasema Aisha ni kama ndugu yangu. Akanisogezea sahani ya pilipili akasema haya, kula, ndugu.

Kuna siku moja ambayo sijawahi kuimaliza. Msichana wa kazi alileta begi la rafiki yake aliyekuwa amefariki hospitalini, vitu vya kurudisha kwao Jinja. Begi lilikuwa limejazwa ovyo, kama watu walivyojaza wakiwa wanalia. Aisha alilifungua juu ya kaunta, akatoa nguo moja moja, akazikunja zote upya, blauzi, leso, viatu vilivyofungwa ndani ya soksi, na huku anauliza huyo dada alikuwa mtu wa namna gani, na yule msichana anajibu, anaanza hata kutabasamu. Walichukua saa nzima. Wateja walisimama foleni wakisubiri. Mwishoni Aisha alivitia vyote ndani ya boksi, akaifunga, akataka kuipeleka nyuma moja kwa moja. Mimi nikasema haijapimwa. Nilisema kwa sauti ya kawaida, kwa sababu kweli ilikuwa haijapimwa. Wakaileta. Kilo kumi na tisa. Nikaandika pande zote nne. Msichana alimkumbatia Aisha, kwangu akachukua risiti. Siwezi kusema nilikosea kuipima. Nasema tu kwamba katika lile duka, saa ile, nilikuwa mtu pekee aliyeshika kalamu.

Kwenye foleni siku hiyo kulikuwa na madam mmoja wa kliniki ya Oud Metha, Mfilipino wa makamo, aliyekuja kupeleka mzigo wake kwao. Aliona yote. Baada ya wiki alirudi bila boksi, akamwambia Aisha kwamba mapokezi yao yana nafasi. Kazi ya kukaa, zamu inayoisha saa kumi jioni, na wale wanaotaka kusomea uuguzi wanaruhusiwa kuhudhuria masomo jioni. Aisha alikuwa anataka uuguzi tangu utotoni. Alikuwa ananiambia kutoka kitanda cha juu, sauti inashuka kupitia godoro. Alichohitaji ni barua ya ruhusa kutoka kwa Sir, na barua nyingine ya mtu anayeijua kazi yake. Sir alitoa ruhusa siku ile ile, akasema ataleta mtu mwingine mwisho wa mwezi, khalas, yameisha. Kuhusu barua ya pili alinielekeza mimi kwa kidole kupitia kioo. Alisema Rahel ndiye anaandika kila kitu hapa, aandike, yeye atagonga muhuri.

Aisha alifurahi kwamba ni mimi. Alisema wewe ndiye mtu wa haki, wakisoma yako wataamini.

Niliiandika Jumamosi mchana, duka likiwa tupu, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha Sir. Nilichukua muda mrefu kuliko barua yoyote niliyowahi kuandika, na nakala yake iko kwenye daftari, kwa hivyo siwezi kusingizia kumbukumbu. Kwa Kiswahili inasema hivi. Aisha amefanya kazi pamoja nami miezi kumi. Anafika kwa wakati. Ni msafi. Sijamwona akitia mkono kwenye droo ya fedha. Huongea na wateja kwa muda mrefu. Upande wa mizani, napendelea kupima mimi mwenyewe. Namtakia mema. Basi. Kila sentensi naweza kuisimamia mbele ya hakimu, hata leo. Nilipomaliza niliisoma nikitafuta uongo na sikuuona, na nakumbuka nilisikia kifua kimetulia, nikadhani ni utulivu wa mtu aliyetenda haki. Sikuandika juu ya begi la Jinja. Sikuandika kwamba anaongea lugha nne na anajua majina ya watoto wa wateja. Sikuandika kwamba mlevi mmoja aliwahi kuingia dukani na chupa, sisi sote tukakimbilia nyuma, yeye akamletea kiti. Nilijiambia nimeombwa barua, sikuombwa hadithi. Sir akagonga muhuri bila kusoma. Nikaitia kwenye bahasha, nikalamba gundi, Aisha akaichukua kwa mikono miwili.

Kliniki ilichukua mtu mwingine. Walimwambia wanataka mtu mwenye uzoefu zaidi. Mwisho wa mwezi mtu mpya wa Sir alikuwa ameshafika, msichana kutoka Nakuru, viza tayari, na Aisha hakuwa na pa kurudi. Alipata kazi ya nyumba Al Ain, familia ya watoto sita. Aliondoka asubuhi na begi moja. Kamusi aliiacha chini ya kaunta, alisema bila hiyo nitapima na nini. Nikamsindikiza hadi kituo cha basi, na nilimbebea begi, na nililia. Kilio kile kilikuwa cha kweli, hilo nalo naliandika. Wiki ya pili wateja walianza kuuliza yuko wapi yule dada. Sir mwenyewe alitoka nyuma ya kioo akaniuliza kama nimesikia habari za yule mwenye goti. Nikamwangalia. Akasema alikuwa anajua tangu mwanzo, yeye si kipofu, goti lile lilikuwa linakula kilo moja na kuleta boksi kumi. Halafu akarudi kwenye chai yake. Hapo ndipo ile haki yangu ya mizani, niliyokuwa nimeiegemea mwaka mzima, iliondoka chini yangu kama kiti.

Sikumwambia Aisha. Miaka ikaenda. Mimi nikapewa usimamizi, yeye akahama nyumba hadi nyumba. Tulionana sikukuu chache, kwenye mazishi ya Bibi Zuwena tulikaa mkeka mmoja, na kila mara nilijiambia leo, na kila mara niliona kwamba nikisema nitakuwa najitua mzigo kwa kumtwisha yeye. Sijui kama hiyo ilikuwa huruma au woga. Nimeandika yote mawili kwenye daftari, kwa miaka tofauti.

Ijumaa alikuja na boksi tatu kwa teksi. Amenenepa kidogo, miguu inamsumbua, anatembea kama anayejaribu sakafu. Niliwapa wasichana wangu wa kaunta ruhusa ya chakula, tukabaki wawili. Alikuwa amepika, ameleta matoke kwenye chombo cha plastiki, tukala kwa vijiko kwenye kaunta, akanieleza habari za shamba, za dada yake, za nyumba aliyomaliza paa. Alichungulia chini ya kaunta akaona kamusi bado ipo, gamba limefungwa kwa selotepu yetu, akaipapasa kama mtoto wa jirani. Nikaweka kijiko chini. Nikamwambia Aisha, kuna jambo la ile barua ya kliniki.

"Niliisoma," alisema.

Nikamuuliza lini.

"Ndani ya basi, kabla hata sijafika Oud Metha. Bahasha haikushika." Aliendelea kula kidogo, bila haraka. "Nilisoma mara tatu. Nilikuwa natafuta uongo ndani, dada, nikasirike vizuri. Sikupata hata moja. Ungeandika uongo, mimi ningekusamehe siku ile ile."

Nikamuuliza kwa nini basi aliipeleka. Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto. Alisema ndiyo barua aliyokuwa nayo, angepeleka nini. Halafu akasema alishuka basi, akasimama nje ya kliniki, likamjia lile neno la kamusi, la mizani, na akaona kwamba siku aliponielezea alikosea kidogo, maana alidhani anayefanya hivyo lazima acheke au atukane. Hakujua inaweza kufanywa kwa mwandiko mzuri hivyo. Nilitaka kumwomba msamaha na nilimwomba, maneno yakatoka vibaya, mengi mno, nikamwambia habari za wateja na pazia na sufuria iliyofutwa kwa vidole. Alisikiliza yote. Kuhusu sufuria alishangaa kweli. Alisema alikuwa anadhani ninajua kwamba wote waliogopa kukaa sakafuni nikipika mimi, kwa sababu mimi nilikuwa nawawekea sahani, kila mtu na yake.

Hakusema amenisamehe. Alifunga chombo chake, akasema yalla, tupime, teksi inasubiri.

Boksi mbili za kwanza zilikuwa ndogo. Ya tatu ilikuwa kubwa, miaka kumi na minne imekanyagwa ndani yake, pembe zinaning'inia nje ya sahani pande zote. Tuliisukuma pamoja ikakaa juu. Nikasimama karibu. Sikuwa nimepanga. Mguu wangu ulijikunja wenyewe na goti likaingia chini ya pembe, mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi, na namba kwenye kioo cha mizani ikaanza kushuka, arobaini na moja, arobaini. Nilikuwa najifanya natafuta kalamu.

"Toa goti, Dada Rahel."

Nikasema Sir hayupo, na hata angekuwepo asingejali.

"Najua. Toa," alisema. "Mimi leo unipime yote."

Nikatoa goti. Boksi ikakaa chini kwa uzito wake, sahani ikalia kidogo, na tukasubiri namba itulie. Nikaisoma kwa sauti, arobaini na moja na nusu. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Kisha nikachukua kalamu ya wino mzito nikaandika upande wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, mwandiko umenyooka, na Aisha akaizunguka boksi polepole kwa ile miguu yake inayomuuma, akasoma pande zote nne.